Ekipe ni ya Nani?



Kila mwaka, egzameni ya Leta ikikaribia, wafinalisti wanaombwa kuandika neno la kuaga. Desturi iko hivi: tunashukuru walimu, kisha tunapatia wadogo mashauri. Msome, mheshimu, msichelewe kwenye mustari. Ni maneno mazuri, na mwaka ujao mwingine atawaandikia tena. Lakini mara hii mtatusamehe. Hatutaki kuandika shauri kwa wadogo, tunataka kuandika kosa la wakubwa. Na sisi tunaoandika tuko wa kwanza katika kosa hilo, maana ile ratiba ya kiwanja cha basketi iliyobandikwa pembeni ya mlango wa ofisi, ni sisi viongozi wa wanafunzi tulioiandika, kwa mkono huu huu.

Someni ratiba hiyo. Jumatatu, wafinalisti. Jumatano, wafinalisti. Ijumaa, wafinalisti. Jumamosi, mechi ao wafinalisti. Jumanne na Alhamisi ni kazi ya mikono, na balo inafungiwa. Tuko karibu wanafunzi mia nne katika masomo haya, na balo ni moja, nayo imeshonwa mara mbili. Watu wanane njo wanaoigusa.

Jambo lililotufikia mwezi wa tatu mnalijua. Tulikwenda mjini kucheza na wenzetu wa masomo nyingine. Mmoja wetu aliamka na homa, lakini akajikaza akaja, na kwenye mapumziko akaanguka. Mwingine alifikisha makosa matano, refa akamtoa. Tukageuka kuangalia benchi. Kwenye benchi kulikuwa mifuko yetu, viatu, na chupa ya maji. Watu wawili wa akiba walikuwa wamebaki kwa kurudilia hesabu. Tukamaliza watu wanne, na tukapigwa 44 kwa 38. Tulirudi juu ya toleka, kila mtu kimya nyuma ya dereva wake. Usiku, katika internati, wengine wakasema: refa alikuwa mubaya. Wengine: ni homa. Hakuna aliyesema neno la kweli, ya kama hatukuwa na ekipe. Tulikuwa na watu wanane wanaopenda kucheza, na hiyo si kitu kimoja.

Juu ya hiyo tunataka kuwaelezea historia ya ekipe moja ya mbali, ambayo majina yake wengi wetu tunavaa mgongoni bila kuijua. Ni Denver Nuggets, ya mji wa Denver, katika jimbo la Colorado, Marekani. Kwa nini hiyo? Kwa sababu ndani yake alipita mtoto wa Kongo, na kwa sababu ilijua kushindwa kuliko sisi.

Lakini tuanze nyuma zaidi, kwa mchezo wenyewe. Basketi haikuzaliwa katika makuta mingi. Ilizaliwa masomoni. Mwezi wa 12 mwaka 1891, kule Springfield, Marekani, mwalimu mmoja wa Kanada, James Naismith, mtu aliyekuwa amesoma teolojia, alikuwa anafundisha michezo katika masomo ya YMCA, shirika la vijana Wakristo. Baridi ilikuwa kali, vijana hawakuweza kucheza inje, na ndani walikuwa wanachokozana. Akapigilia vikapu viwili vya matunda juu ya ukuta, akaandika sheria 13, akagawa darasa lake pande mbili, watu tisa na watu tisa. Tuangalie hesabu hiyo vizuri. Darasa lake lilikuwa na wanafunzi 18, na wote 18 wakacheza. Hakuacha hata mmoja kwa kurudisha balo.

Sasa Denver. Ekipe hiyo ilianza mwaka 1967, na jina lake halikuwa Nuggets, lilikuwa Rockets, kufuatana na kampuni ya malori ya mwenye ekipe. Haikucheza katika shampiona kubwa ya NBA, ilicheza katika shampiona nyingine, ABA, iliyokuwa na balo ya rangi tatu, nyekundu, nyeupe na buluu. Watu wengi waliicheka ABA. Mwaka 1974 ekipe ikabadili jina, sababu katika NBA kulikuwa tayari Rockets wa Houston, na Denver ilikuwa inatumaini kuingia huko siku moja. Wakachagua Nuggets, maana yake vipande vya dhahabu, kwa kukumbuka wachimbaji wa zamani wa Colorado. Mwaka 1976 ABA ikakufa. Ekipe nne tu ndizo zilipokelewa katika NBA, na Denver ilikuwa mojawapo. Mwaka ule ule ilikuwa imefika kwenye finali ya mwisho ya ABA, na ikapigwa na New York Nets.

Msifikiri kisha kuingia mambo yalikuwa matamu. Denver ilikuwa inajua kutupa, haikujua kulinda. Tarehe 13 mwezi wa 12 mwaka 1983, ilicheza nyumbani kwake na Detroit Pistons, ikatia pointi 184. Pointi mia moja themanini na ine! Na ikapigwa, sababu Detroit ilitia 186, kisha kuongezewa muda mara tatu. Hata leo hakuna mechi ya NBA iliyopita hiyo kwa wingi wa pointi. Hapa masomoni, kila mtu anataka kutupa, hakuna anayetaka kurudi nyuma kulinda. Wajue hao ya kama mtu anaweza kutupa mpaka 184 na arudi nyumbani akilia.

Msimu wa 1990 mpaka 1991 ulikuwa aibu: walishinda mechi 20, wakapigwa 62. Njo wakati huo, mwaka 1991, wakachagua Dikembe Mutombo, akiwa wa ine katika uchaguzi wa mwaka ule.

Wengi kati yetu wanajua kidole chake tu, kile alichokuwa anatikisa kisha kuzuia balo ya mtu. Tujue na mengine. Alizaliwa Kinshasa mwezi wa 6 mwaka 1966, akasoma kule Boboto. Mwaka 1987 alikwenda Marekani, katika chuo kikuu cha Georgetown, na hakwenda kwa kutafuta basketi: alipewa msaada wa masomo, na alitaka kuwa munganga. Mwaka wake wa kwanza hakuwa hata katika ekipe kubwa ya chuo. Baadaye ndipo mwalimu John Thompson akamuchukua. Na alipotoka mwaka 1991, alitoka na diplome ya lugha na diplomasia. Hii tunaiandika kwa wale wandugu zetu wawili ao watatu ambao tangu Noeli hawafungui kitabu, ati siku moja mzungu atapita kuwaona wakiruka. Mutombo alikuwa na mita 2 na sentimita 18, na bado alibeba vitabu.

Katika Denver alifanya kazi ambayo hakuna anayeiimba: kulinda. Mwaka 1994 ekipe iliingia katika mechi za mwisho ikiwa ya nane, ya mwisho kabisa ya upande wake. Ikapangwa na Seattle SuperSonics, ya kwanza, iliyokuwa imeshinda mechi 63 msimu ule. Ilipashwa kushinda mechi tatu. Denver ikapigwa ya kwanza, ikapigwa ya pili. Kisha ikashinda ya tatu, ikashinda ya ine, na tarehe 7 mwezi wa 5, kule kule Seattle, ikashinda ya tano katika muda wa kuongeza, 98 kwa 94. Ilikuwa mara ya kwanza katika NBA ya nane kuangusha ya kwanza. Katika mechi hizo tano Mutombo alizuia balo 31. Filimbi ilipolia alilala chini, akiinua balo kwa mikono miwili. Picha hiyo mmeiona kwenye telefone.

Watu wengi wanafunga historia hapo. Sisi tunaomba muendelee, maana kiini cha neno letu kiko mbele.

Mwaka 1996 Mutombo akaondoka, akaenda Atlanta. Na Denver? Msimu wa 1997 mpaka 1998 ilishinda mechi 11, ikapigwa 71. Mkubwa ameondoka, nyumba imeanguka. Kama ingekuwa hapa kwetu, tungesema: basi, hakuna tena ekipe, tukate mbao za kikapu tufanye kuni. Lakini wao hawakufunga. Waliendelea kuchagua wadogo. Mwaka 2003 walichagua Carmelo Anthony, na mwaka 2009 wakafika kwenye finali ya upande wa magharibi, wakapigwa na Lakers. Yeye naye akaondoka. Mwaka 2014 walichagua kijana mmoja wa Serbia, Nikola Jokić. Alikuwa wa 41. Wakati jina lake linaitwa, televisheni ilikuwa inaonyesha tangazo la chakula, watu hawakumuona hata. Mwaka 2015 walichagua tena mtoto wa Kinshasa, Emmanuel Mudiay, wa saba. Huyu hakukaa miaka mingi. Lakini yule wa 41 alikaa, wakamfundisha, wakamungojea. Na tarehe 12 mwezi wa 6 mwaka 2023, Denver Nuggets ikapiga Miami Heat, ikachukua kombe la NBA mara yake ya kwanza. Tangu 1967 ni miaka 56. Wengi walioianzisha hawakucheza siku ile, na hawakuiharibu siku walipotoka.

Na Mutombo je? Ekipe haikumusahau. Mwaka 2016 namba yake, 55, ilitundikwa juu katika nyumba yao ya mchezo, hakuna mwingine atakayeivaa. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kujenga hospitali kule Kinshasa, yenye vitanda 300, iliyofunguliwa mwaka 2007 na kupewa jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo. Alikufa tarehe 30 mwezi wa 9 mwaka 2024, akiwa na miaka 58.

Sasa turudi kwetu. Tulipomaliza kusoma habari hizo, tulijiuliza swali dogo: na ekipe yetu hapa Barumbu, ilianza mwaka gani? Tukauliza mwalimu mmoja, akasema mwaka fulani. Tukauliza mlinzi wa zamani, akataja mwaka mwingine. Tukauliza baba wa mmoja wetu, aliyesoma hapa, akasema zote mbili ni uongo. Hakuna daftari, hakuna jina la mtu, hakuna hesabu ya mechi hata moja. Duara la chuma linalotundikwa pale, tunajua tu kama mwanafunzi fulani wa zamani, aliyekuwa anajua kuunga vyuma, alilitengeneza bure. Jina lake hatulijui, na kila siku tunatupa balo ndani ya kazi yake. Tunajua tarehe ya Denver kupigwa na Detroit, na hatujui nani alitupatia kikapu.

Tena kuna jambo linalotuumiza zaidi. Mtoto mmoja wa la nane, hatutamutaja asichekwe, anakuja kiwanjani kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Balo ikiingia katika mtaro, yeye njo anaifuata. Miaka miwili sasa. Wiki iliyopita tulimuuliza: "Wewe umekwisha kutupa mara ngapi?" Akasema: "Bado, yaya. Mulisema ningoje." Kweli, tulisema. Tulisahau tu kumwambia angoje mpaka lini.

Na wasichana. Mwezi wa pili walituma wawili wao kuomba Jumatano. Tulijibu kwa barua, na mhuri juu, ya kama "kiwanja hakina nafasi". Wandugu, aibu! Nchi hii, ikiitwa Zaire, ilichukua kombe la Afrika la basketi la wanawake mwaka 1983, mwaka 1986 na mwaka 1994. Wanaume wa nchi yetu wanaweza kutuonyesha makombe matatu namna hiyo? Wanawake hao walifika mpaka michezo ya Olimpiki ya Atlanta, 1996, na Mutombo yule yule tunayemuvaa mgongoni njo aliwalipia nguo za mchezo. Mmoja wao, Mwadi Mabika wa Kinshasa, alichukua shampiona ya Marekani ya wanawake mara mbili, 2001 na 2002, pamoja na Los Angeles Sparks. Mutombo aliwapa nguo. Sisi tuliwanyima Jumatano.

Tunajua yale mtakayotujibu, maana sisi wenyewe tulikuwa tunayasema.

Wa kwanza atasema: "Batoto batapasula balo." Lakini ni nani aliyeipasua mara mbili? Si wadogo, wao hawajaigusa.

Wa pili atasema: "Tukitia wadogo, tutapigwa." Inawezekana. Lakini mwezi wa tatu hatukutia wadogo, na tulipigwa. Afazali kupigwa ukiwa unafundisha mtu kuliko kupigwa ukiwa umejifungia.

Wa tatu atasema: "Denver iko na makuta, sisi hatuna." Kweli, hatuna. Lakini makuta hayo hayakuwakataza kupigwa mara 71. Kilichowaokoa ni kwamba waliendelea kufungua mlango, na kila jina likaandikwa. Mlango hauuzwi. Daftari linauzwa kwa bei ya mikate miwili.

Wa ine, na huyu ndiye anayesema kweli zaidi, atasema: "Sisi tumeteseka, tulirudisha balo katika mtaro tukiwa wadogo. Sasa ni zamu yetu." Ndugu, tunakuelewa. Sisi pia tulirudisha. Lakini kama kila mmoja analipizia juu ya mdogo wake yale aliyofanyiwa na mkubwa wake, mtaro huu hautaisha. Mtu mmoja anapashwa kukubali kupoteza zamu yake. Na mwaka huu, ni sisi.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu, na Bwana Prefe amekwisha kuyasikia.

Moja: ratiba mpya. Jumatatu, wadogo wa la saba na la nane. Jumatano, wasichana, wa madarasa yote. Ijumaa, madarasa ya katikati. Jumamosi, ekipe ya masomo, yaani wale watakaochaguliwa kutoka kila upande. Wafinalisti hawana siku yao peke yao. Kila mfinalisti wa basketi atakuwa na wadogo wawili wa kufundisha mpaka siku ya kuondoka.

Mbili: daftari la ekipe, litakaa ofisini. Ndani tutaandika majina, tarehe, mechi, pointi, kushinda na kupigwa pia. Ukurasa wa kwanza utaandikwa 44 kwa 38. Na kama mzazi ao mwanafunzi wa zamani anajua nani alitengeneza duara lile, atuletee jina, tuliandike hata mbele ya mechi.

Tatu: Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu masomo ile iliyotupiga inakuja hapa kwetu. Yule mwenye homa amepona. Sisi watano wa zamani, tukiwa wazima wote, tunaamini tunaweza kushinda, na tunatamani sana, hatufichi. Lakini tunaomba katika watano wa kwanza waingie wadogo wawili, na mmoja awe mtoto wa mtaro. Mkitaka kujua nani watatoka kwa kuwapa nafasi, wa kwanza ni sisi tunaoandika. Ilikuwa mechi yetu ya mwisho katika masomo haya. Tutakuwa kwenye benchi, na kama balo inaingia katika mtaro, tunajua njia.

Pengine tutapigwa siku hiyo. Wandugu wafinalisti mtatukasirikia, na mtakuwa na haki ya kutukasirikia mpaka Jumapili. Lakini mwezi wa saba tutabeba valizi zetu, wengine kwenda Kisangani mjini, wengine kurudi kwao kwa baleinière, na kikapu kitabaki pale pale. Tunataka siku ile ya kupanda, tukigeuka nyuma, tusikie balo inagonga chini.

Wanaotaka kujiandikisha, wavulana kwa wasichana, waje ofisini Jumatatu mbele ya kengele ya kwanza. Walete jina na darasa. Urefu hatutauliza.